Nilipoogopa Kuitwa Nesi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumapili baba yangu alipowaita majirani pale nyumbani Usagara waje kufurahi naye kwa kuwa mwanawe anakwenda kusomea udaktari. Mwana huyo nilikuwa mimi, na udaktari haukuwepo. Nilikaa katikati ya wazee wa watu, mfukoni nina fomu ya chuo cha uuguzi inayohitaji saini ya mzazi, na mama ananipakulia kuku kama mgeni aliyetoka mbali.

Lakini nikianzia hapo nitakuchanganya. Ngoja nirudi nyuma kidogo. Wewe nawe umemaliza kidato cha nne, na juzi nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba utakwenda chuo chochote cha afya kitakachokuita mapema. Neno hilo ndilo lililonifanya nikuite hapa kwangu Pasiansi tuzungumze.

Mimi nilimaliza shule katika ile miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa kinabadilika hapa Mwanza. Viwanda vya Nyakato vilikuwa vinauzwa. Wengine walirudishwa nyumbani, wengine wakaajiriwa na matajiri wapya. Mitumba ilijaa sokoni mpaka tukaanza kuchagua mashati kwa rangi, jambo ambalo kabla ya hapo hatukulijua. Na vyuo navyo vikaibuka. Ukipita barabarani wiki hii unakuta kibao cha chuo cha kompyuta, wiki ijayo pembeni yake kimesimama cha hoteli, cha uhazili, cha hiki na kile. Kaka zetu walisubiri serikali iwachagulie. Sisi tukaambiwa tuchague wenyewe, na hakuna aliyetufundisha namna ya kuchagua.

Nilikuwa naishi Nyakato kwa dada yangu Kabula na mumewe, shemeji Deo, aliyekuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha nguo akapata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Nilikuwa nasubiri matokeo, sina kazi, nakula na kucheza mpira. Basi babu yetu mzaa baba akateleza kisimani huko Usagara akavunjika mfupa wa paja. Akaletwa hospitali mjini. Baba alikuwa na ng'ombe wa kuangalia, dada alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba wa kukaa na babu wodini ni mimi. Nilikwenda nimenuna. Sikufichi hilo.

Babu alilazwa mguu umevutwa kwa kamba yenye uzito, haruhusiwi kuuchezesha. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti nikamwangalia tu. Akaja nesi mmoja, mama mfupi kutoka Ukerewe mwenye sauti kubwa na saa ameibana kifuani. Jina lake Perpetua. Akaniangalia, akamwangalia babu, akaniuliza, "Wewe umekuja kutazama?"

"Nimekuja kumuuguza babu, mama."

"Basi simama. Mtu akilala hivi bila kuinuliwa, ngozi ya mgongo inaoza ukiwa umekaa hapo hapo kwenye kiti chako. Shika hapa. Nikisema tatu, tunainua pamoja."

Ndivyo nilivyoanza. Alinifundisha kumwinua babu, kumkausha mgongo, kulainisha shuka lisiwe na mkunjo. Alinifundisha kuangalia vidole vya ule mguu kila nikiamka, rangi yake na joto lake. Mwanzoni nilifanya kwa kumwogopa. Baadaye nikaona naamka nikiwa na hamu ya kuvikagua vile vidole. Tulikaa pale karibu miezi miwili, na asubuhi moja nikavikuta vya baridi na rangi imegeuka. Babu mwenyewe alikuwa anasema hajambo, maana wazee wetu wa Kisukuma wanasema hawajambo hata wakiwa wanazimia. Nilimkimbilia Nesi Perpetua. Alikuja, akagusa, akalegeza bandeji hapo hapo, akatuma daktari aitwe. Mguu ukaanza kupata joto.

Jioni kabla ya kutoka kazini alipita kwenye kitanda chetu. Hakunisifu sana. Alisema tu, "Umeona mapema. Wengine huwa wanaona kesho yake."

Mwanangu, sijui kama umewahi kuambiwa neno dogo likakukaa mwilini. Nilijua siku ile ile kazi ninayoitaka.

Babu akaruhusiwa, akarudi Usagara kwa fimbo lakini kwa miguu yake. Matokeo yakatoka nikapata daraja la tatu, na Baiolojia na Kemia nilikuwa nimefanya vizuri. Mlango ulikuwa wazi. Kilichonizuia ni kitu cha aibu, na leo nakieleza kwa sababu nimezeeka. Vijana tuliocheza nao mpira walinisikia nikitaja uuguzi mara moja tu. Mmoja akaniuliza kama nitavaa gauni na kofia. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa naogopa hata kulitamka neno lenyewe.

Ndipo nikakiona kile chuo. Kilikuwa ghorofani mjini, juu ya duka la viatu vya mitumba, na kibao chake kilisema ni chuo cha sayansi za afya. Ukutani kulikuwa na picha za vijana wamevaa makoti meupe. Karani alikuwa kijana mchangamfu.

"Kwetu hakuna usaili wala kusubiri," alisema. "Ukija Jumatatu unaanza Jumatatu."

"Nikimaliza nitaitwa nani?"

"Mtaalamu wa afya."

Nilitoka pale nimelewa furaha. Hakuna mahali popote palipoandikwa neno nesi. Nikamwandikia baba barua kwamba nimepata chuo, nakwenda kusomea udaktari. Nikaituma kwa mtu wa basi aliyekuwa anashukia pale njia panda ya Usagara. Niliona si uongo mkubwa sana. Mtu anayejitengenezea uongo huwa anaupima mwenyewe, na mizani ni ya kwake.

Kisha nikaenda kumweleza Nesi Perpetua, nikidhani atanipongeza. Nilimkuta nje ya wodi anakula muhogo wa kuchemsha, mapumziko yake ya dakika chache. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, taratibu, kama anayemhoji mgonjwa.

"Wanafunzi wa chuo hicho wanajifunzia hospitali gani?"

"Sijauliza, mama."

"Wanafanya mtihani wa taifa?"

"Sijauliza."

"Nani anawafundisha? Ni muuguzi, ni daktari, ni nani?"

Hilo nalo sikuwa nimeliuliza.

"Kwa hiyo umeuliza nini?"

"Nimeuliza nikimaliza nitaitwa nani."

Akaweka muhogo chini. "Sikiliza, kijana wangu. Mgonjwa akishikwa na maumivu hatakuuliza unaitwa nani. Atataka kujua kama mikono yako inajua inachofanya. Wewe unaionea haya kazi kabla hujaipata. Ukiipata utaifanyaje? Utaifanya umejificha?"

Nilitamani ardhi inimeze. Aliponiona nimeinamisha kichwa akanipunguzia. "Rudi kawaulize hayo matatu. Wakikujibu vizuri, nenda kasome, nami nitafurahi. Wasipokujibu, njoo."

Kesho yake nikapanda zile ngazi tena. Karani alikuwa mchangamfu vile vile mpaka nilipouliza habari ya hospitali. Akasema mazoezi tutafanya tukimaliza. Kuhusu mtihani wa taifa akasema mambo hayo yanashughulikiwa. Nikaomba kuona darasa. Nilikuta madawati na ubao, na kwenye kona kitanda kimoja kisicho na godoro. Nikiwa nashuka nilimkuta msichana mmoja wa pale amekaa kwenye ngazi, nikamuuliza wameshafika wodini mara ngapi. Akatazama juu kuona kama karani yuko karibu, akasema, "Kaka, tangu tumeanza hatujagusa mgonjwa hata mmoja."

Sikurudi tena.

Nesi Perpetua alinieleza kuhusu chuo cha hospitali moja ya misheni, ng'ambo ya ghuba, alikosoma mwenyewe. Huko unaomba kwa fomu, unafanya mtihani wa kuandika, kisha usaili. Wanachukua wachache. Wanafunzi wanaingia wodini mapema, na wanafanya mtihani wa taifa kama wengine. Alinipatia fomu. Zilikuwa zimebaki siku chini ya kumi kabla ya maombi kufungwa, na chini kabisa palikuwa na sehemu ya mzazi, imeandikwa wazi kabisa kwamba anaridhia mwanawe asomee uuguzi.

Shemeji Deo aliposikia baba anaamini ninasomea udaktari alicheka sana, halafu akachukua kalamu. "Lete hapa. Mzee yuko mbali. Nitaweka saini inayofanana na yake." Nami, mwanangu, nilimpa fomu. Kweli nilimpa. Dada Kabula alikuwa anakaanga mapanki uani, yale mabaki ya sangara yanayotoka kiwandani, akaingia na mwiko mkononi, akaichukua ile karatasi mezani kabla kalamu haijagusa.

"Saini ya baba iko mkononi mwa baba," alisema. "Na uongo uliomwandikia, ufute mwenyewe." Akarudi kwenye kikaango chake. Shemeji akairudisha kalamu mfukoni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Basi nikaenda Usagara Jumamosi, nimejiandaa kusema. Lakini baba alinipokea barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikuwa amevaa koti. Njiani kila tuliyekutana naye aliambiwa, "Huyu ndiye yule daktari wangu." Nikajiambia nitasema tukifika. Tulipofika nikajiambia nitasema tukishakula. Nikalala na lile neno tumboni, na kulipokucha baba akawa ameshatuma watu kuwaita majirani.

Sasa tumefika pale nilipoanzia. Wazee wamekaa kwenye vigoda, wengine kwenye magogo. Baba amesimama, anaeleza jinsi alivyojifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima, na jinsi alivyoona kwamba elimu ni kitu kikubwa. Halafu macho yake yakaangukia mfuko wangu wa shati.

"Hiyo karatasi ni ya chuo?"

"Ndiyo, baba."

"Lete niwasomee wazee."

Nilimpa. Sikuwa na nguvu ya kukataa wala ya kueleza. Akaishika mbali kidogo na uso, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa fahari. Jina la chuo. Jina langu. Shule niliyosoma. Watu wanaitikia kwa vichwa. Akafika sehemu ya mzazi. "Mimi, mzazi wa mwombaji, naridhia mwanangu asomee..." Kidole kikasimama. Akalisoma lile neno kimya, midomo ikitikisika. Akalisoma tena kwa sauti. "Uuguzi."

Mzee Ndaki, jirani yetu, akauliza pole pole, "Uuguzi si kazi ya mabinti?" Mwingine akakohoa ili asicheke. Mama akasimama na bakuli mikononi, hajui alipeleke wapi.

Babu alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake katikati ya magoti. Tulidhani hasikii vizuri, kumbe alikuwa amesikia kila kitu. Akasema, "Ndaki, ulikuja kuniona hospitali?"

"Nilikuja, mzee."

"Ulinikuta na vidonda mgongoni?"

"La. Hukuwa navyo."

"Miezi miwili nimelala chali. Daktari alikuwa anakuja, anaandika, anaondoka, na Mungu ambariki. Huyu ndiye aliyekuwa ananiinua. Huyu ndiye aliyeona mguu wangu unakufa, mimi mwenyewe sijui. Kama hiyo ni kazi ya mabinti, basi mimi nimeponywa na binti mwenye ndevu."

Kicheko kilichotoka hapo, mwanangu, kiliwafukuza kuku uani. Mzee Ndaki alicheka mpaka akapangusa macho. Hata mimi nilicheka, na machozi yalikuwa yananitoka kwa sababu nyingine. Baba peke yake hakucheka. Akaikunja fomu, akaniambia nimfuate kwenye zizi.

Tulisimama pale, ameegemea boriti ya mlango wa zizi. Nilitarajia maneno makali. Alisema kwa sauti ya chini, "Mimi sijaumizwa na uuguzi. Mwanangu akiwa nesi, akiwa fundi, akiwa mchunga ng'ombe kama mimi, nitasimama mbele ya watu niseme ni wangu. Kilichoniuma ni kwamba umeiacha karatasi iniambie. Mdomo unao. Ulinionaje mpaka ukaniogopa?"

Nilimwomba msamaha. Akaangalia ng'ombe wake, kisha akaniomba kalamu. Aliweka saini akiwa ameegemeza fomu kwenye mgongo wa ndama. Ndiyo maana mstari wake ulipinda, na kule chuoni waliniuliza kama mzazi wangu ni mgonjwa.

Siku ya usaili nilivuka ghuba kwa kivuko asubuhi. Nilikuwa nimevaa viatu vya shemeji Deo, vikubwa kwangu, nimevijaza magazeti kwenye ncha. Tulikuwa waombaji wengi, wasichana kwa wingi na wavulana wa kuhesabika. Mtihani wa kuandika ulikuwa hesabu na Baiolojia, na swali moja la hesabu nililiacha wazi. Kisha tukaitwa mmoja mmoja ndani. Kulikuwa na matroni, muuguzi mkuu wa hospitali, mrefu, mpole wa sura, mkali wa macho, pamoja na wakufunzi wawili.

"Kwa nini uuguzi?" akauliza matroni.

Nilikuwa nimekariri jibu zuri la kuhusu kulitumikia taifa. Nilipofungua mdomo likapotea. Nikamweleza habari za vidole vya babu, na yale maneno ya Nesi Perpetua, na jinsi nilivyotaka kujificha kwenye chuo cha ghorofani kwa kuogopa jina. Nilisema mengi kuliko nilivyoulizwa.

"Wagonjwa watakuita daktari kwa sababu wewe ni mwanaume," alisema. "Utawajibu nini?"

"Nitawaambia mimi ni nesi, mama. Jina hilo nimeshalisema mbele ya kijiji kizima, au tuseme baba alilisema kwa niaba yangu. Kwa sasa halinisumbui."

Mkufunzi mmoja akaziba mdomo. Matroni aliandika kitu.

Majina yalipobandikwa, langu halikuwepo. Lilikuwa kwenye karatasi ya pili, ya akiba, nafasi ya tatu. Yaani watatu wasipofika ndipo nami nafikiwa. Nilirudi Nyakato nikijiona mdogo. Niliwaza lile swali la hesabu nililoliacha, nikalifanya tena na tena kwenye karatasi za kufungia maandazi mpaka nikalipata, jambo ambalo halikunisaidia lolote kwa wakati ule. Nesi Perpetua aliniambia niendelee kupita wodini kumsaidia kazi ndogo ndogo huku nasubiri. Nikapita. Safari hii wagonjwa waliponiita daktari, niliwasahihisha.

Wiki ya tatu nilikuwa uani nafua nguo za mtoto wa dada. Nikasikia kengele ya baiskeli ikipigwa mfululizo nje, kama ya muuza maziwa aliyechelewa. Kugeuka, nikamwona baba. Ameendesha kutoka Usagara, vumbi mpaka kwenye nyusi, koti lile lile amelifunga kiunoni. Alikuwa amesikia jina langu kwenye matangazo ya redio, mimi na wengine wawili wa akiba, kwamba turipoti chuoni kabla ya Ijumaa. Hakumwamini mtu mwingine kuileta habari hiyo. Alipoona nyuso za majirani zinachungulia, hakuniita jina. Alisimamisha baiskeli, akavuta pumzi, akauliza kwa sauti ya kusikika nyumba ya nne, "Naomba kuonyeshwa nesi anakaa wapi."

Nikasema, "Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba, nesi."

Dada Kabula alipiga vigelegele mpaka mtoto akalia. Tulikula samaki siku hiyo, sato mzima mzima, na shemeji Deo akanipa vile viatu viwe vyangu kabisa.

Nimefanya kazi hiyo mpaka nimeota mvi. Nimechoka mara nyingi, nimezika wagonjwa niliowapenda, nimezalisha akina mama kwenye visiwa ambako daktari alikuwa anafika kwa nadra. Sijawahi kujuta.

Sasa sikiliza ninachokuomba, mwanangu. Chuo kisikuchague kwa sababu kimekuita mapema. Kichague wewe baada ya kukifikia kwa miguu yako. Uliza wanafunzi wanajifunzia wapi na wanawagusa wagonjwa lini. Uliza kama kimesajiliwa, kama mtihani wao unatambulika, na kama anayefundisha amewahi kufanya kazi hiyo yeye mwenyewe. Usimuulize karani peke yake. Kaa na mwanafunzi kwenye ngazi, yeye ndiye atakayekuambia. Jiandae kwa hesabu, maana dawa inapimwa kwa hesabu. Kwenye usaili sema ya kwako, usikariri ya mtu. Ukiwekwa akiba, usikae nyumbani ukijihurumia. Tafuta mahali pa kusaidia huku unasubiri. Na zaidi ya yote, lolote unalotaka kusomea, waambie wazazi wako kwa mdomo wako, mapema, hata kama sauti inatetemeka. Watu wanaotupenda wanastahili kusikia kutoka kwetu.

Nakuombea Mungu akupe walimu wenye subira, akili iliyotulia, na mikono inayojua inachofanya. Wagonjwa watakaopita kwako wapone, na wasiopona waondoke wakijua walishikwa na mtu. Afya yako idumu, wazazi wako waishi kukuona umefika, na kazi utakayoipata ikupe furaha kama iliyonipa mimi. Haya, nenda ukawaone hao wa chuo, kisha urudi unieleze wamekujibu nini.